Mistari ya Pembeni

3 Machi

Mke wangu amechoka na mimi. "Hofu zako ziandike mahali," ameniambia asubuhi huku akimfunga mtoto viatu. "Mimi nina zangu zinanitosha." Basi naandika.

Kazi yangu ni takwimu, katika kituo cha utafiti wa mazao. Wenzangu wanapanda, wanapalilia na kupima. Mimi nawaambia namba zao zinathibitisha nini na hazithibitishi nini. Kituoni wamenipachika jina la Labda, kwa madai kwamba sijawahi kumaliza sentensi bila neno hilo. Hata mlinzi wa getini huniuliza, "Mzee Labda, leo umefika kweli au bado hujahakikisha?" Nacheka naye. Wana haki.

Msimu huu tuna mahindi mapya. Yamebadilishwa jeni, yaani yametiwa chembe ya urithi kutoka kwa kiumbe kingine, ili viwavi wanaotoboa mabua wasiyaguse. Sisemi ni sumu. Sijui, na hakuna ajuaye bado, ndiyo maana yanapandwa ndani ya uzio na leseni yake imeandikwa kwa ukali. Mimi nimepewa kuangalia kama jeni hiyo inatoka nje kwa njia ya chavua, ule unga wa njano unaopeperuka kutoka kwenye mbelewele kule juu ya mhindi.

Shamba la karibu kuliko yote ni la mama mkwe wangu. Liko ng'ambo ya barabara ya vumbi, upande ule ule unakoelekea upepo. Anapanda mahindi meupe ya zamani, na mtaa mzima huchukua mbegu kwake. Leseni inasema ikipatikana punje moja yenye jeni yetu nje ya uzio, mavuno yote ya shamba hilo yatakusanywa na kuchomwa moto, mbegu zikiwemo. Maneno hayo nimeyasoma mpaka nayajua kwa moyo.

Mkurugenzi anajua shamba hilo ni la nani. Nilimwambia siku ya kwanza kabisa, nikitumaini kazi atapewa mwingine. Alinipiga begani. "Safi sana! Nani atakuwa makini kuliko wewe?"

9 Machi

Mvua ya kwanza. Mama mkwe amepanda.

16 Machi

Kinga yetu ni wakati. Majirani wamepanda na mvua ya kwanza, sisi tutapanda mwisho wa mwezi. Mahindi yao yatachanua na kumaliza, ndipo yetu yaanze. Chavua yetu ikivuka barabara itakuta ndevu za mahindi yao zimeshakauka, na bila ndevu mbichi haina pa kushika. Nimeupitia mpango huu mara tatu nikitafuta tundu. Sikuliona, na hilo nalo limenitia wasiwasi.

24 Machi

Jua. Jua tupu.

29 Machi

Tumepanda. Sisi tuna pampu, hatungoji mawingu.

2 Aprili

Jana jioni mvua imerudi. Leo nimepita kwa mama mkwe kumpelekea dawa yake ya presha, nikamkuta shambani na jembe, gauni limelowa mpaka magotini. Miche ya Machi ilikuwa imelala chini, imekauka kama makapi.

"Ile imekufa yote, mkwe," akasema bila kusimama. "Nimeing'oa. Narudishia mbegu."

Nilisimama na kile kifuko cha dawa mkononi. Anapanda upya siku nne tu baada ya sisi. Mahindi yake na yetu sasa ni rika moja. Yatachanua pamoja.

"Mbona umesawijika hivyo?"

"Hapana, Mama. Labda ni jua."

"Jua gani na mawingu yote haya? Njoo ukae, usije ukaniangukia hapa nikaulizwa na binti yangu."

Nilikaa. Sikumwambia.

3 Aprili

Nimeingia kwa Mkurugenzi nikiwa nimejikaza. Nikamweleza kwamba majirani wamepanda upya na kinga ya wakati imekufa. Kwa hali kama hii leseni inataka tukate mbelewele zote kabla hazijafunguka.

"Nikikata mbelewele nitavuna nini? Mabua?"

"Ndivyo leseni inavyosema, Bosi."

"Tuna mistari ya mahindi ya kawaida kuzunguka uzio. Hiyo itazuia chavua."

"Labda isizuie yote."

Alitabasamu, akaanza kupanga kalamu zake mezani moja baada ya nyingine. "Labda. Mkataba wako unaisha Desemba, siyo?"

Niliitikia kwa kichwa. Akaigeukia kompyuta yake. Nikafyata mkia nikatoka.

Mke wangu ameniuliza nilijibu nini. Nimesema sikujibu. Akaendelea kukunja nguo.

20 Aprili

Hakuna jipya. Yanaota vizuri, yetu na yake.

13 Mei

Nimepita barabarani kwa miguu ili niyaone yote mawili. Kimo ni kimoja. Mtu asiyejua angedhani ni shamba moja lililokatwa na barabara.

7 Juni

Mbelewele zimefunguka. Zake pia.

8 Juni

Upepo.

9 Juni

Upepo tena, kuanzia asubuhi hadi jioni. Nimefunga dirisha la ofisi, kana kwamba hilo litasaidia. Nilipotoka kwenda kula nikakuta unga wa njano juu ya kioo cha gari la Mkurugenzi, nikaupangusa kwa kidole. Gari lilikuwa limeegeshwa nje ya uzio, karibu na barabara. Mlinzi akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia vumbi.

Ninaogopa. Nimekaa miaka mingi nikiandika neno "hatari" kwenye ripoti kama mtu anavyoandika "chumvi". Sikujua kwamba hatari yenyewe inaonekana hivi, unga mwepesi usio na harufu, siku nzuri ya upepo.

12 Juni

Upepo umetulia. Kazi yake umeshaimaliza, kama ulikuwa nayo.

30 Julai

Mahindi yanakauka. Nimepungua, mkanda umefika tundu la mwisho. Mke wangu anasema ningekuwa mjamzito angeelewa.

25 Agosti

Leo nimeandika mpango wa kuchota sampuli kwenye shamba la mama mkwe. Mkurugenzi alitaka punje mia. Nilibisha, kwa sauti ndogo lakini nilibisha, tukakubaliana mia tatu. Zitachukuliwa kwa bahati nasibu, mahindi yote yakiwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa, baada ya kuondoa mistari mitano ya pembeni kama kawaida. Dada wa maabara atazipima moja moja. Anasaga punje, anachovya kikaratasi cha kipimo: ukitokea mstari mmoja ni salama, miwili ni jeni yetu.

Naomba uwe mstari mmoja mmoja tu. Naomba hivyo kwa ajili ya mama mkwe, na nashindwa kujua kama mtu anayeomba hivyo anafaa kufanya kazi hii.

8 Septemba

Sifuri! Punje mia tatu, sifuri!

Dada wa maabara alinipigia simu mwenyewe. "Kaa chini kwanza," akasema, nikakaa sakafuni kwa sababu kiti kilikuwa mbali. "Hakuna hata moja." Machozi yalinitoka pale pale sakafuni.

Mkurugenzi amepita kila ofisi akitangaza kwamba jeni haitoki. Nikamfuata nyuma nikisahihisha kwamba hatujui kama haitoki, tunajua tu hatukuiona. Akanitolea macho.

Mke wangu alikuwa anachambua maharage niliporudi. Alitaka kujua kwa nini nina sifuri na bado nimekunja uso. Nikachota maharage kiganjani kutoka kwenye gunia.

"Unaona jiwe hapo?"

"Sioni."

"Basi utapika gunia zima bila kuchambua?"

"Nivunje meno? Umechota kiganja kimoja tu."

"Ndiyo hivyo. Nimechota punje mia tatu, sikuona kitu. Ninachoweza kusema kwa uhakika wa kutosha ni kwamba hazizidi moja katika kila mia. Moja katika mia, kwenye shamba zima, ni nyingi."

Akaendelea kuchambua. "Lakini huenda ni sifuri kweli."

"Huenda."

"Basi kwa leo shangilia. Kesho utaendelea kuogopa, hakuna atakayekunyang'anya."

Nimeshangilia. Nimekula sahani mbili.

20 Septemba

Mama mkwe ameanza kugawa mbegu za msimu ujao. Ripoti inatakiwa mwisho wa mwezi.

22 Septemba

Mungu wangu.

Nimekwenda kwa mama mkwe leo mchana kumsaidia kupukuchua. Alikuwa amekaa kwenye mkeka na mafungu mawili ya mahindi, moja kubwa la chakula na moja dogo la mbegu, mahindi manene yaliyojaa mpaka ncha. Nikayasifu.

"Hayo ni ya pembeni," akasema. "Kule barabarani. Ya katikati yanabanana, hayapati jua. Mbegu siku zote natoa pembeni."

Hindi liliniponyoka.

Katika majaribio ya mavuno, sisi huwa tunatupa mistari ya pembeni. Ndilo jambo la kwanza mwanafunzi kufundishwa. Mimea ya pembeni inapata jua na nafasi zaidi, inazaa kuliko wenzake, ukiihesabu inakudanganya. Kwa hiyo unaiacha. Nimefanya hivyo maisha yangu yote ya kazi. Agosti, nilipoandika mpango, mkono uliandika wenyewe "baada ya kuondoa mistari mitano ya pembeni kama kawaida."

Lakini safari hii sikuwa napima mavuno. Nilikuwa natafuta chavua, na chavua ya mahindi ni nzito kuliko ya mimea mingi, nyingi huangukia mistari ya kwanza inayokutana nayo. Nilitupa mahali pekee nilipopaswa kuangalia. Punje zangu mia tatu zote zimetoka katikati ya shamba. Sifuri yangu ni ya katikati. Na mbegu ya mtaa mzima inatoka pembeni.

Kinachonitisha zaidi ni kwamba sijui kama ni mazoea yaliyoandika mpango ule au ni woga. Hakuna takwimu ya kunipimia hilo.

"Umeshagawa ngapi, Mama?" nikauliza.

"Nyumba kumi na moja. Kwani vipi?"

"Hakuna, Mama."

23 Septemba

Nimemweleza Mkurugenzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo huwa halifanyi, kisha akaenda kufunga mlango.

"Mpango aliuandika nani?"

"Mimi."

"Uliusaini?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo unataka kwenda bodi ya leseni useme umekosea kazi, mkwe wako achomewe mavuno, na kituo kifungiwe. Yote hayo kwa kitu ambacho hujakiona." Alikuwa anaongea taratibu, karibu kwa huruma. "Una sifuri mkononi. Watu wanalia wapate sifuri. Nenda nyumbani."

Nilikwenda nyumbani. Namwogopa, lakini leo nimeogopa zaidi jinsi maneno yake yalivyoniingia vizuri.

24 Septemba

Mvua imewahi mwaka huu. Imenyesha usiku kucha.

25 Septemba

Sijafanya kitu.

26 Septemba

Sijafanya kitu. Mke wangu ameacha kuniuliza. Ananiwekea chakula mezani na kuondoka, na nasikia anaongea na mama yake kwenye simu kwa sauti ya chini.

27 Septemba

Nimekwenda. Mama mkwe alikuwa jikoni, hakunikaribisha kiti. Nikajua binti yake ameshamwambia. Nikasema yote hata hivyo: upepo wa Juni, mistari ya pembeni, leseni. Nikamwambia nataka kupima mbegu zake, na kikaratasi kimoja tu kikionyesha mistari miwili, kila kitu kitachomwa, ya chakula na ya mbegu.

"Na usipopima?"

"Hakuna atakayejua, Mama."

"Kwa nini hukunyamaza, basi?" Alipaza sauti mpaka nikarudi nyuma. "Aprili ulikuja hapa umesawijika, nikakuuliza, ukasema ni jua. Ulinyamaza! Juni ulinyamaza! Wakati wa kunyamaza ulikuwa huu, sasa ndiyo umekuja kusema!"

Nilimpigia magoti. Sikupanga. Sijawahi kumpigia mtu magoti tangu siku ya posa, na ilikuwa kwa mwanamke huyu huyu.

Alinigeuzia mgongo akakoroga chungu muda mrefu. Kisha akaingia ndani, akarudi na beseni la mbegu, akaliweka sakafuni mbele yangu kwa kishindo.

"Nimewapa watu wawalishe watoto wao," akasema. "Pima."

30 Septemba

Dada wa maabara hakuuliza ruhusa ya nani. Alisema tu, "Lete." Nilisimama nyuma yake siku nzima. Vikaratasi viliingia vikatoka, mstari mmoja, mstari mmoja, nikaanza kupumua. Kile cha ishirini na mbili kilichelewa kidogo. Mstari wa kwanza ukaja. Halafu wa pili ukaanza kujitokeza chini yake, hafifu, wa waridi, ukakolea mbele ya macho yetu.

"Huo hapo," akasema.

Mpaka jioni ilikuwa kumi na tisa kati ya mia tatu.

Nimepeleka majibu bodi ya leseni nikiambatisha mpango wangu wenye kosa, na nakala kwa Mkurugenzi. Alinijibu mstari mmoja kwamba nisihangaike kusubiri Desemba.

3 Oktoba

Watu wa bodi wamekuja na gari na mapipa. Mama mkwe alisimama mlangoni akiwahesabia magunia yeye mwenyewe wasije wakasahau. Moto ulinukia vizuri, na hilo ndilo lililomliza.

Hajasema nami. Lakini jioni ameniita kwa kidole, akanipa gunia tupu. "Kesho tunazunguka nyumba kumi na moja. Wewe unabeba."

4 Oktoba

Tumezunguka. Kila mlango alisema maneno yale yale: "Nirudishieni mbegu yangu, ina kasoro." Hakusema kasoro ya nani. Mimi nilisimama nyuma yake na gunia kama mpagazi, nikingoja kila mara aninyooshee kidole, hakuninyooshea. Wengi walirudisha bila maneno. Wawili walikuwa wameshasaga unga na kula, wakaniuliza kama watakufa. Nikawaambia hawatakufa, nikaona hawakuniamini.

Nyumba kumi tulizimaliza hivyo. Ya mwisho ni ya fundi cherehani, mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni. Alitupokea akicheka.

"Mama, umechelewa! Ile mvua ya juzi sikuiacha inipite. Nimepanda yote. Njoo uone ilivyotoka."

Akatupeleka nyuma ya nyumba. Miche ilikuwa urefu wa kidole, imejipanga, kijani kibichi kabisa. Alikuwa amepalilia hata kabla magugu hayajatoka. Nilianza kuhesabu siku kichwani. Siku nne nilizokaa nyumbani, mbegu ilikuwa inaota hapa.

Mama mkwe akamweleza. Kicheko kikaisha.

"Sawa," akasema fundi. "Nionyesheni iliyo mbaya niing'oe hiyo."

Mama mkwe akanigeukia. Kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya jikoni akanitazama usoni, na nikaona ananingoja mimi, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu.

"Haionekani kwa macho," nikasema. "Katika kila mia kuna kama sita. Sijui ni ipi."

"Kwa hiyo tisini na nne ni nzima?"

"Ni nzima."

"Na hizo pia ning'oe?"

"Na hizo pia."

Mama mkwe alikuwa ameshainama kwenye mstari wa kwanza. Fundi alisimama ameshika kiuno, kisha akamfungua mtoto mgongoni akamweka kwenye ndoo, naye akainama. Nilichukua mstari wa tatu. Miche ilitoka kirahisi mno, ardhi ilikuwa laini, na kila mmoja ulikuja na punje yake bado imeshikilia mzizi. Mtoto alikuwa akipiga ndoo kwa kijiko.

Tulipomaliza nilirudi kukagua, mstari kwa mstari, nimepiga magoti. Kwenye mstari wa saba nikakuta mche mmoja tulioupita, umejificha chini ya bonge la udongo. Nikaung'oa nikautia kwenye gunia.

Sasa niko mezani, mikono bado ina udongo, na mke wangu ananiita nikale. Ule mmoja niliuona kwa bahati. Nahesabu tumepita mistari mingapi.